Mjukuu wangu katua shambani

Simu ililia saa kumi na moja jioni. Mie nilikuwa Luton, Uingereza, nimekwenda kuwatazama binti yangu na wanawe mwezi wa Agosti. "Shikamoo babu. Mwambie Mama asishtuke, tumetua shambani." Mama mtu alikuwa ameshashtuka.

Kijana ana miaka 17, na mwaka wa pili huu anajifunza kurusha ndege isiyo na injini pale Dunstable, kwenye klabu iliyoanza 1930. Uingereza mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kuirusha peke yake, gari bado hajaruhusiwa! Lakini kuzunguka juu ya uwanja ni jambo moja, kuuacha uwanja nyuma ni jingine. Nishani ya fedha inadai, pamoja na mengine, safari ya kilomita 50 peke yako.

Mie nimefundisha sayansi kwa chaki: hewa ikipata joto hupanda. Basi nikadhani najua. Kumbe rubani huisikia kwenye makalio. Kiti kinamsukuma, bawa moja linanyanyuka, naye anageukia upande ule ule ulionyanyuka, azunguke humo apande. Akimwona mwewe anazunguka, humfuata. Akishapanda, anateleza hadi wingu jingine. Ndege yao ya viti viwili, hewa ikiwa tulivu, huenda mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka. Mwalimu wake humhesabia nusu tu.

Siku ile mawingu yalitawanyika wakiwa mbali. Mwalimu, kiti cha nyuma, akanyamaza makusudi. Kwenye mita 600 kijana awe ameshajua eneo la kutua. Kwenye mita 300 awe na shamba moja, na hapo hakuna tena kubadili. Akaliacha lenye ng'ombe, akaliacha lenye nyaya za umeme. Moshi wa mbali ukamwonyesha upepo, akachagua lililokwisha kuvunwa ngano. Wakatua salama, wakaenda kumwomba radhi mwenye shamba, naye akawapa chai.

Tuliwafikia na trela magharibi imeshaingia. Mabawa huchomolewa, ndege ikapakiwa kama kitanda. Binti yangu, aliyekuwa akiapa njia nzima kwamba mwanawe harudi tena pale, ndiye aliyeshika ncha ya bawa, akauliza, "Hili mnalishikaje?"