Nano yabisha hodi sokoni, mizani isiwekwe kando

KATIKA njia panda ya Nyololo, wilayani Mufindi, biashara ni uzito na ujazo. Hapa ndipo magari yanapoiacha barabara kuu ya Tanzam, kati ya Mafinga na Makambako, kuelekea Igowole, Kibao na Mgololo. Mahindi na viazi huuzwa kwa gunia, mbolea kwa mfuko wa kilo 50, na kila mkulima anajua hasara ya lumbesa.

Sasa inakuja bidhaa ambayo sifa yake ni udogo. Teknolojia ya nano hushughulika na chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa karibu nanomita 80,000. Chembe ndogo kiasi hicho huwa na eneo kubwa sana la juu kulingana na uzito wake, hivyo hunasa au kuachia vitu kwa namna ambayo donge la kitu kilekile haliwezi.

Kwa mwekezaji mdogo swali ni moja: udogo huo unalipa wapi, na wapi ni maneno ya wauzaji tu?

Mfano wa nyumbani

Mfano unaolipa upo nchini. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliyesomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, alibuni chujio la maji akiwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mchanga hunasa uchafu na vijidudu, kisha chembe za nano hunasa kemikali ambazo mchanga hauziwezi, yakiwemo madini ya floridi. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000.

Kibiashara, jambo la kuzingatia ni kwamba chujio hutengenezwa kulingana na maji ya mahali husika. Floridi ni tatizo kubwa la Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Maji ya kwingine yana kasoro zake. Hivyo atakayetaka kufungua kituo cha kuuza maji aanze kwa kupima chanzo chake, kisha aingize katika hesabu gharama ya kubadilisha vichujio, kwa kuwa chembe hizo hujaa na kuchoka.

Chupa dhidi ya mfuko

Mbolea ni habari nyingine. Mwaka 2021 ushirika wa mbolea wa IFFCO wa India ulianza kuuza urea ya nano ya maji, ukidai kuwa chupa ya mililita 500 inaweza kuchukua nafasi ya mfuko mmoja wa urea.

Hesabu yake si ngumu. Urea ya kawaida ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Chupa za kwanza zilikuwa na asilimia 4, sawa na gramu 20. Hata kama mahindi yatafaidi theluthi moja tu ya urea iliyowekwa ardhini na nyingine yote ikapotea, bado yatakuwa yamepata zaidi ya kilo saba. Gunia la mahindi la kilo 100 likipanda lori huondoka shambani na zaidi ya kilo moja ya naitrojeni. Gramu 20 haziwezi kulipa deni hilo, hata nguvu ya chupa ikiongezwa mara tano.

Mashamba nayo yalitoa jibu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilieleza kuwa katika majaribio ya miaka miwili, urea ya nano ilishusha mavuno ya mpunga kwa asilimia 13 na ya ngano kwa zaidi ya asilimia 21, ikilinganishwa na mashamba yaliyopata naitrojeni kwa kiwango cha kawaida. IFFCO, hata hivyo, imeendelea kuitetea bidhaa yake.

Ushauri kwa msomaji

Kwa wakala wa pembejeo, chupa inavutia: haihitaji ghala kubwa wala gari la tani kumi. Lakini hasara ikitokea itaonekana Juni au Julai, mkulima anapovuna magunia pungufu, wakati fedha ya chupa imekwisha kutumika. Mkulima huyo ndiye mteja wa msimu ujao.

Kabla ya kuweka mtaji, wakala ahakikishe bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), asome kiasi cha naitrojeni kilichoandikwa, akigeuze kuwa gramu, kisha ailinganishe na urea katika jaruba dogo kwa msimu mmoja. Lumbesa humuibia mkulima kwa kuzidisha kipimo. Chupa isiyopimwa inaweza kumuibia kwa kukipunguza.