Kotrimoksazoli: Dawa Moja, Vibali Tofauti

Kotrimoksazoli, ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa jina la kibiashara la Septrin, ni mseto wa dawa mbili za kuua bakteria: sulfamethoksazoli, iliyo ya jamii ya sulfonamidi, na trimethoprimu. Ni dawa ya bei nafuu iliyotumika kwa zaidi ya nusu karne, na kanuni yake ya kikemia ni ileile popote inapouzwa, lakini magonjwa ambayo mamlaka za dawa zimeruhusu itumike kuyatibu au kuyakinga hutofautiana sana kati ya nchi na nchi.

Bakteria wengi hujitengenezea foleti, vitamini inayohitajika katika kuunda vinasaba, ilhali binadamu huipata katika chakula kama vile maharage na mboga za majani. Sulfamethoksazoli huzuia hatua moja ya utengenezaji huo na trimethoprimu huzuia hatua nyingine ya mbele yake, hivyo bakteria hukwama mara mbili, na seli za mgonjwa hazidhuriki kwa kiwango hicho. Kidonge kilichoandikwa miligramu 480 kina miligramu 400 za sulfamethoksazoli na 80 za trimethoprimu, na kile cha 960 kina maradufu ya viwango hivyo. Ni vyema mgonjwa aitazame namba hiyo kabla ya kumeza, kwa kuwa vidonge viwili vya aina ya kwanza ni sawa na kimoja cha aina ya pili.

Nchini Uingereza, ambako mseto huu ulianza kuuzwa mwaka 1968, madaktari waliutumia kwa upana hadi mwaka 1995, pale kamati ya serikali ya usalama wa dawa ilipoyapunguza matumizi yake. Tangu hapo nafasi yake ya kwanza imekuwa katika maambukizi machache, yakiwemo nimonia ya Pneumocystis, inayosababishwa na fangasi na kuwashambulia watu wenye kinga dhaifu, pamoja na toksoplasmosisi na nokadiosisi. Kwa maambukizi ya njia ya mkojo au ya sikio, daktari alitakiwa awe na ushahidi wa maabara na sababu nzuri ya kuuchagua. Hoja ilikuwa kwamba mara nyingi trimethoprimu peke yake ingetosha, wakati sulfonamidi ilileta hatari, ingawa ni adimu, ya kuharibu uboho unaotengeneza damu na ya kusababisha ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao ngozi na utando wa mdomo na macho hubabuka na mgonjwa anaweza kufa.

Marekani iliidhinisha mseto huo mwaka 1973 na imeacha orodha ndefu zaidi: maambukizi ya njia ya mkojo, ya sikio la kati kwa watoto, mkamba sugu unapozidi kwa watu wazima, kuhara kunakoletwa na Shigella, kuhara kwa wasafiri, na nimonia ya Pneumocystis. Madaktari wa huko huutumia pia kutibu majipu ya bakteria sugu wa ngozi, matumizi yasiyomo katika kibali chenyewe. Kaskazini mwa Australia hutumika kwa miezi isiyopungua mitatu baada ya sindano za awali za melioidosisi, ugonjwa wa bakteria wa udongoni na majini.

Barani Afrika mizani ilielemea upande mwingine kabisa. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yalipendekeza watu wenye VVU wapewe kotrimoksazoli kila siku kama kinga, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado haziwafikii walio wengi. Utafiti uliofanywa vijijini nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kinga hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 46 na malaria kwa asilimia 72, na mwaka huohuo utafiti wa watoto wenye VVU nchini Zambia ulionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 43. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba faida hiyo ilipatikana mahali ambapo bakteria wengi walikwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo. Kwa hiyo ni kosa kuuona mwongozo wa Afrika kuwa wa daraja la pili, kwa kuwa Waingereza walikuwa wakipima hatari ya dawa dhidi ya ugonjwa wenye tiba mbadala, na Waganda waliipima dhidi ya kifo. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 uliruhusu mtu mzima aliyepata nafuu kwa dawa za VVU aache kinga hiyo, isipokuwa anapoishi penye malaria nyingi au maambukizi mengi makali ya bakteria.

Katika kliniki za wajawazito, tofauti za vibali hukutana ndani ya mwili mmoja. Wajawazito wanaoishi penye malaria hupewa SP, mseto wa sulfonamidi nyingine, sulfadoksini, na pirimethamini, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja kati ya dozi. Mjamzito mwenye VVU ambaye tayari anameza kotrimoksazoli kila siku hapewi SP, kwa sababu sulfonamidi mbili kwa pamoja huongeza uwezekano wa madhara makali, na kotrimoksazoli yenyewe humkinga na malaria. Ndiyo sababu mhudumu hulazimika kujua dawa zote anazotumia kabla ya kumkabidhi vidonge.