Mshono wa Nyota

Huu ni mshono wa kutarizi wenye miale 8 inayokutana kwenye tundu moja. Ukiwa Iyunga, jizoeze kwa kipande cha gunia kuukuu la kahawa, maana nyuzi zake zinahesabika.

1. Weka alama ya kati. Kuizunguka, hesabu mraba wa nyuzi 8 kwa 8.
2. Pandisha sindano kwenye kona ya mraba, ishushe kwenye alama.
3. Rudia katikati ya ubavu unaofuata, kisha kona, hadi miale itimie. Vuta uzi kwa nguvu ileile.

Angalizo: Usipandishe sindano kwenye alama ya kati. Itachoma nyuzi ulizokwisha kushona na nyota itavurugika.

Jipime: Kwa nini sindano hushuka katikati badala ya kupandia hapo?