Ploti Haiko kwa Vijiti

Jumamosi moja nilipanda van ya kampuni flani ya maploti hapo tao. Site visit ni bure, soda ni bure, ata mwavuli unapewa. Tukashuka mbele ya Joska, Kangundo Road, vumbi hadi kwa meno. Ajenti, msee wa luku safi na folda kwapani, akatuonyesha vijiti vinne vimepakwa nyekundu. "Hiyo ndio eighth yako, bro. Dipo ni finje thao tu. Zimebaki tatu." Manze, hizo ploti zimekuwanga zimebaki tatu tangu nikiwa form two.

Mbuyu wangu ni fundi wa mawe, so mimi hubebanga tape. Nikapima: futi 40 kwa 80. Hiyo ni futi mraba 3,200. Eighth ya ukweli ya ekari ni 5,445, na ata ile 50 kwa 100 yenye mtaa mzima huita eighth ni 5,000 tu. Kumuuliza, akacheka: "Hiyo ni lugha ya soko."

Nikaitisha hati. Akanipea kopi ya hati mama, imekunjwa hadi namba inafifia. Jumatatu nikafanya search ya ardhi. Majibu kucheki: shamba lote bado liko kwa jina moja, halijakatwa, na benki imelishika rehani. Yaani ningetuma dipo, mwenyewe ashindwe na loan, shamba liende mnada, na mimi nibaki na risiti na selfie ya mwavuli.

So doo ya kwanza kwa ploti isiwe dipo. Iwe search. Ikitoka fiti, lipa sovea akuje na ramani ya registry, akuonyeshe beacon zenyewe, juu vijiti ata mtoi anaweza kuhamisha. Wakili awe wako, si wa kampuni. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya Land Control Board ni lazima. Bila hiyo mauzo hayana nguvu. Alafu kuna stamp duty, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, yenye ajenti husahau kutaja. Unaona ni gharama mob? Oktoba 2023 huko Mavoko, bulldoza ziliangusha mahao za mawe juu ya ardhi ya East African Portland Cement. Wasee wengi pale walikuwa wamenunua, wamejenga, wanaishi.

Sasa, chapaa itoke wapi? Mogeji sahau kwanza. Kenya nzima wenye mogeji ni kama 30,000 hivi, na wengi wao si wewe na mimi. Loan za simu usiguse, ni za kutoboa mwezi, na ata hapo nina doubt. Njia ya wasee wa kawaida ni saco. Saco mob hukukopesha mara tatu ya akiba yako, bora upate wadhamini. Weka thao tano kila mwezi miaka mitatu, hiyo ni 180,000. Hapo unaweza kuomba 540,000. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki, miaka minne, utakuwa unalipa karibu 14,200 kila mwezi. Kama hiyo ikikatwa utaanza kula strungi kavu, punguza. Na mdhamini si urembo: ukihepa, ni akiba ya beshte yako inakatwa.

Pia usidanganyike, ploti tupu hailipi mtu mwisho wa mwezi. Inakaa tu, inamea nyasi, wewe unaendelea kulipa loan. Ukitaka doo ya kila mwezi ni keja za kukodisha, na huko mwenye anapata zaidi ya 288,000 kwa mwaka KRA inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote, kabla ata hujarekebisha bomba.

Kama umeandikwa, cheki payslip: asilimia 1.5 inaendaga nyumba za bei nafuu za serikali upende usipende. Si ujisajili basi kwa Boma Yangu, portal ya hizo nyumba, ujue dipo yake ni ngapi.

Na wikendi ukiitwa site visit, enda. Panda van, kunywa soda, beba tape. Simu ya M-Pesa iache kwa keja.