Namba ya maombi si usajili: kagua alama yako kabla ya kununua cheti cha nembo

WAFANYABIASHARA wanaotaka nembo za kampuni zao zionekane kando ya barua pepe wanazowatumia wateja wanashauriwa kukagua kwanza hali ya usajili wa alama zao za biashara kabla ya kutoa hata shilingi moja. Cheti kinachohitajika, kijulikanacho kwa kifupi kama VMC, hakitolewi kwa alama ambayo bado iko kwenye hatua ya maombi.

Utaratibu wenyewe unaitwa BIMI. Kampuni huiunganisha nembo yake na kikoa chake, yaani jina lile linalofuata alama ya @ katika anwani ya barua pepe. Barua inapofika, nembo huonekana mahali ambapo kwa kawaida hukaa herufi ya kwanza ya jina la mtumaji. Cheti cha kwanza cha aina hiyo kilitolewa na kampuni ya DigiCert kwa kituo cha televisheni cha CNN mwaka 2019. Gmail ilianza kuonyesha nembo hizo mwaka 2021 na Apple ikafuata mwaka 2022. Mwezi Mei 2023 Gmail iliongeza tiki ya buluu kwa watumaji wenye VMC.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida faida yake ni rahisi kuielewa. Ankara, bei na namba za akaunti za benki siku hizi husafiri kwa barua pepe. Tapeli huiga jina la muuzaji, huandika kwamba akaunti imebadilika, na mnunuzi aliye Dubai au Mumbai hutuma fedha kusikostahili. Nembo iliyothibitishwa humpa mnunuzi ishara moja zaidi ya kutofautisha barua halali na ya kughushi.

Bei ya cheti, hata hivyo, si ya mchezo. Kwa wauzaji wakubwa imekuwa ikizidi dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, na cheti hudumu kwa muda usiozidi siku 398. Baada ya hapo hununuliwa upya.

KUOMBA NI HATUA TU

Wengi huamini kwamba wakishapata risiti na namba ya maombi, alama ni yao. Sivyo. Tanzania Bara, maombi hupelekwa BRELA, huchunguzwa, kisha hutangazwa katika jarida la msajili. Mwenye pingamizi hupewa siku 60 kulitoa. Alama huhesabiwa kuwa imesajiliwa baada ya hatua hizo kumalizika na hati kutolewa. Kenya nayo hutoa siku 60 za pingamizi baada ya tangazo.

Marekani muda wa pingamizi ni siku 30 tangu alama itangazwe katika gazeti la ofisi ya alama za biashara. Lakini anayeomba kwa msingi kwamba anakusudia kuitumia alama siku za mbele hasajiliwi hata pingamizi lisipokuwepo. Hupewa miezi 6 ya kuthibitisha kwamba ameanza kuitumia sokoni, na muda huo huweza kuongezwa hadi kufikia miezi 36. Katika kipindi chote hicho hana usajili, na hana sifa ya kupata VMC.

Herufi TM zisimdanganye mtu. Yeyote anaweza kuziweka kando ya jina lake. Herufi R iliyo ndani ya duara ndiyo ya alama iliyosajiliwa, na kuitumia kabla ya usajili ni kujitafutia matatizo.

USAJILI WA OFISI GANI?

Usajili wa nyumbani nao unaweza usitoshe. Watoaji wa vyeti hufuata orodha ya ofisi za usajili wanazozitambua. Orodha hiyo ilianza na masoko makubwa, yakiwemo Marekani, Kanada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Ujerumani, Japani na Australia, na imekuwa ikipanuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji wa cheti, tena kwa maandishi, ni hili: je, ofisi iliyonipa usajili imo?

Ikiwa haimo, mfanyabiashara anaweza kusajili katika nchi iliyomo ambako kweli anauza. Ajue tu gharama zake. Tangu Januari 2025 ada ya msingi ya maombi nchini Marekani ni dola 350 kwa kila daraja la bidhaa. Mwombaji asiye na makazi huko analazimika, tangu Agosti 2019, kuwakilishwa na wakili mwenye leseni ya Marekani. Hadi hati itoke, mwaka mzima au zaidi huweza kupita.

Mfanyabiashara wa Kenya ana njia nyingine, kwa kuwa nchi hiyo ni mwanachama wa Itifaki ya Madrid tangu mwaka 1998. Ombi moja huweza kutaja nchi kadhaa. Lakini hapa pia kuna mtego: namba ya kimataifa haimaanishi kwamba kila nchi iliyotajwa imekubali. Kila ofisi huamua yenyewe.

Wa Zanzibar wakumbuke kwamba visiwa hivyo vina sheria na msajili wake, na usajili wa BRELA hauvuki bahari.

NEMBO NA MWENYE NEMBO

Kigezo kingine ni kufanana. Nembo inayowekwa kwenye barua iwe ile ile iliyosajiliwa. Kampuni iliyosajili jina lake kama maneno matupu haiwezi kuutumia usajili huo kuombea cheti cha picha ya simba au jahazi. Kama usajili unataja rangi, rangi zilingane. Waliobadilisha sura ya nembo miaka ya karibuni bila kusajili ile mpya watakwama hapa.

Jina la mmiliki nalo hutazamwa. Biashara nyingi za kifamilia alama husajiliwa kwa jina la mwanzilishi, wakati anayeomba cheti ni kampuni. Katika hali hiyo huhitajika uthibitisho kwamba kampuni imepewa haki ya kuitumia alama. Jambo hilo liwekwe sawa mapema, wakati wahusika wangali wanaelewana.

Usajili pia uwe hai. Tanzania Bara na Uganda usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kumi. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Marekani mwenye alama hutakiwa kuwasilisha tamko la matumizi kati ya mwaka wa 5 na wa 6, na akipuuza hufutiwa usajili.

Kwa upande wa ufundi, kikoa lazima kiwe na ulinzi wa DMARC uliokazwa, yaani barua za kughushi zitengwe au zikataliwe kabisa. Kazi hii haina ada ya usajili, na humlinda mfanyabiashara hata asiponunua cheti.

NJIA YA GHARAMA NDOGO

Tangu Septemba 2024 Gmail inakubali pia cheti kiitwacho CMC, ambacho hakidai alama iliyosajiliwa. Mwombaji huonyesha kwamba nembo imetumika hadharani kwa angalau miezi 12. Nembo itaonekana, ila tiki ya buluu haitatolewa. Yahoo huweza kuonyesha nembo hata bila cheti.

Kwa duka au kampuni ndogo ambayo maombi yake bado yako kwa msajili, mpango wa busara ni kukaza DMARC sasa, kutumia CMC ikiwa wateja wengi wako Gmail, na kusubiri hati itoke ndipo kufikiria VMC. Anayesafirisha mizigo ya thamani kubwa na ana usajili kamili katika ofisi inayotambuliwa anaweza kuona gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ankara moja iliyolipwa kwa tapeli.

Wawekezaji wadogo nao wana la kujifunza. Tiki ya buluu huthibitisha kikoa na nembo. Haithibitishi kwamba kampuni ina fedha, kwamba bidhaa itafika, wala kwamba hisa zake zinafaa. Na barua yoyote inayotaja akaunti mpya ya benki, hata ikiwa na nembo na tiki, ithibitishwe kwa simu kupitia namba mliyokuwa mkiitumia tangu zamani, kabla fedha hazijatoka.