Zarafa Inastahili Sauti ya Kiswahili

Filamu ikitoka katika jumba la sinema na kutiwa katika diski ili iingie majumbani, huanza maisha ya pili ambayo aghalabu huwa marefu kuliko yale ya kwanza, kwa kuwa hukumu yake huwatoka watu wachache wa miji mikubwa waliolipa kiingilio, ikaangukia mikononi mwa baba, mama, bibi na watoto, ambao wataitazama leo, wairudie kesho, na wazidi kuirudia mpaka maneno yake yawe maneno yao. Ndiyo maana mtu aliyejitwika kazi ya kupima toleo la nyumbani la filamu ya watoto hawezi kukidhi wajibu wake kwa kusifu usafi wa picha na uwazi wa sauti peke yake. Yampasa aulize pia filamu hiyo inamfundisha mtoto nini, na inamfundisha kwa lugha gani. Kwa mizani hiyo nataka kuipima Zarafa, filamu ya vibonzo ya Kifaransa, nikiitazama kutoka Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambayo misafara ya pembe na ya watumwa iliipitia zamani, ikienda Ujiji na ikirudi Bagamoyo.

Zarafa iliongozwa na Rémi Bezançon na Jean-Christophe Lie, ikaanza kuonyeshwa Ufaransa mwezi wa Februari 2012, na urefu wake ni dakika 78. Mzee ameketi chini ya mti, watoto wamemzunguka, naye anawahadithia habari za Maki, mvulana wa miaka kumi aliyeponyoka katika minyororo ya mfanyabiashara wa watumwa, akafanya urafiki na twiga mchanga ambaye mama yake ameuawa na mfanyabiashara huyo huyo. Bedui mmoja, jina lake Hassan, ameamriwa na Muhammad Ali, mtawala wa Misri, ampeleke twiga yule kwa Charles wa Kumi, mfalme wa Ufaransa, awe hidaya. Na Maki, kwa ahadi aliyojifunga nayo ya kumlinda yatima mwenziwe, anaandamana naye jangwani, baharini na katika milima ya theluji, hata Paris.

Uzuri wa kazi hii ni dhahiri. Jangwa limechorwa kwa upana unaompa mtazamaji nafasi ya kuvuta pumzi, na rangi zake zinabadilika kadiri jua linavyopanda na kutua. Twiga hasemi wala hachezi kama mtu, bali amebaki mnyama, na kwa sababu hiyo huruma tunayomwonea ni huruma ya kweli. Lakini lililonipendeza kupita yote ni yule mzee na wasikilizaji wake, maana watoto wanamkatiza, wanamuuliza, wanamhimiza, kama wafanyavyo watoto wetu wakisikia paukwa na kuitika pakawa. Mambo mazito, kama mnyororo, mauaji na kutengana na wazazi, hayakufichwa, wala hayakutiwa chumvi ili kuwatisha watoto. Yamesemwa kwa adabu ya msimulizi anayejua kwamba mtoto anastahimili ukweli akiwa karibu na mtu mzima anayempenda.

Hata hivyo, insafu inadai tuseme na mapungufu yake. Kisa chenyewe kina asili ya kweli, na asili hiyo ina ajabu isiyopungua ile ya filamu. Twiga aliyepelekwa Ufaransa alikamatwa Sudani angali mchanga, akashushwa kwa mto Nili hata Iskanderia, akavushwa bahari kwa jahazi, akafika Marseille mwezi wa Oktoba 1826. Tarehe 20 Mei 1827 alianza safari ya miguu, yeye na watunzaji wake, Hassan na Atir, na ng'ombe waliomlisha maziwa, wakiongozwa na mtaalamu mashuhuri wa wanyama, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire; wakaenda takriban kilomita 900 kwa siku 41, wakaingia Paris tarehe 30 Juni, nao watu wakafurika kumtazama. Aliishi katika bustani ya wanyama ya jiji hilo hadi alipokufa mwaka 1845, na mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa katika makumbusho ya La Rochelle.

Filamu imewapandisha wasafiri hao katika puto, nami siwalaumu wasanii kwa hilo, kwani puto ni haki ya hadithi. Ugomvi wangu nao uko katika siasa ya hidaya. Wametuonyesha Misri ikizingirwa na Waturuki na kuuomba msaada wa Wafaransa, ilhali katika tarehe ya kweli Muhammad Ali alikuwa liwali chini ya Sultani wa Waturuki, na majeshi yake yalikuwa yakimpigania Sultani huyo katika nchi ya Wayunani. Twiga alipelekwa ili kuituliza Ufaransa isije ikaingilia vita hivyo. Hidaya hiyo haikumsaidia Muhammad Ali kitu, maana tarehe 20 Oktoba 1827, miezi michache baada ya mnyama kuingia Paris, manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliteketeza merikebu za Misri na za Waturuki katika ghuba ya Navarino. Mtoto akiachwa na filamu peke yake atajifunza habari hii kinyumenyume, na toleo la nyumbani, lenye nafasi ya kubeba maelezo pembeni ya filamu, ndilo mahali pa kuisahihisha.

Sahihisho la pili linatuhusu sisi wa Tabora. Msafara wa Maki ni wa minyororo tu, na mtoto wa Ntalikwa anaweza kudhani kwamba ndio ulivyokuwa kila msafara uliopita kwao. Njia yetu ilikuwa na watumwa, na aibu hiyo haifichiki. Lakini ilikuwa pia na wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakibeba pembe na vitambaa, mizigo ya ratili 60 na zaidi, kutoka bara hadi pwani na kurudi, na sifa yao ilijulikana kote. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Kazeh, katika Unyanyembe yetu, mwaka 1857 walifika kwa mabega ya wapagazi, na tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo msafiri Livingstone alikaa mwaka 1872, bado linasimama kuwa shahidi wa njia hiyo. Mzazi anayemwonyesha mwanawe Zarafa, kisha akampeleka Kwihara, atakuwa amempa elimu timamu.

Sasa nifike katika lugha, ambayo kwangu ni jambo kubwa kuliko yote. Filamu ilitengenezwa kwa Kifaransa, na watu wa nchi za Kiingereza wakaandikiwa tafsiri chini ya picha. Mtoto wa shule ya msingi anayesomeshwa kwa Kiswahili hafaidi hiki wala kile. Atafurahia twiga na puto, na hadithi yenyewe itampita. Wala tusiseme kwamba jambo hili halina dawa, kwa maana katika vibanda umiza vyetu vya kuonyeshea video wasimulizi kama Lufufu wamezihadithia filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili kilichowakusanya wakubwa na wadogo, na huko Kenya DJ Afro amepata umaarufu kwa kazi hiyo hiyo. Hata Mfaransa Michel Ocelot, alipotengeneza filamu ya Kirikou et la Sorcière ya mwaka 1998, alitaka sauti za Kiafrika, akazirekodi Dakar. Filamu ambayo nguzo yake ni mzee anayesimulia chini ya mti inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili pengine kuliko filamu yoyote ya Kizungu niijuayo.

Hukumu yangu, basi, ni hii: Zarafa ni filamu njema, yenye uzuri wa picha na uadilifu wa moyo, na yeyote anayeweza kuipata kwa njia ya halali aitazame pamoja na watoto wake. Lakini toleo la nyumbani litakaloitwa kamili kwa watu wetu bado linangoja kufanywa, nalo litakuwa na sauti ya Kiswahili na maelezo mafupi ya tarehe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inataka ruhusa ya mwenye mali kabla ya kutafsiri. Kwa hiyo ninawasihi Bodi ya Filamu, wasambazaji wetu na wasimulizi wetu hodari wafuate njia hiyo, waiombe ruhusa, na waifanye kazi. Twiga ni mnyama wa taifa letu, na mtoto wa Tanzania ana haki ya kuisikia hadithi ya twiga kwa lugha yake.