Ziwa Kivu: Buloni moja iliyolegea yatosha kupoteza moteri ya okazio

Anayenunua moteri ya okazio kwa kazi ya ziwa huuliza kwanza mambo matatu: inawaka? Inakula esansi kiasi gani? Ni bei gani? Wachache ndio wanaoinama nyuma ya mtumbwi na kuangalia buloni zinazoishika. Lakini hizo ndizo zinazobeba uzito wote wa moteri na nguvu yote ya elisi.

Kati ya Goma na Bukavu kuna karibu kilometa 100 za maji, na kuna sehemu ambapo Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya meta 450. Moteri ikianguka hapo, hakuna mzamiaji wa kuirudisha. Mara nyingi ilinunuliwa kwa pesa za likelemba ao kwa deni: moteri inakwenda, deni linabaki. Na abiria wanabaki katikati ya ziwa bila nguvu ya kuelekeza chombo, mawimbi yakiwapiga ubavuni.

Wakaaji wa Kivu wanajua bei ya uzembe majini. Tarehe 3 oktoba 2024, meli Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakapoteza maisha. Siku hiyo kilicholaumiwa ni wingi wa abiria, si buloni. Lakini somo ni moja: ajali ya ziwa huanzia bandarini, kabla ya kamba kufunguliwa.

Kwa nini buloni inalegea?

Sababu ya kwanza ni mtetemo. Moteri inapotetemeka, vipande viwili vilivyofungwa pamoja vinateleza kidogo kidogo, na ekru inageuka bila mtu kuona. Elisi iliyopinda ao iliyovunjika jino inaongeza mtetemo huo. Ukikaza buloni kila juma na inalegea tena, usilaumu buloni peke yake. Angalia elisi kwanza.

Sababu ya pili inahusu mitumbwi yetu ya mbao. Ubao wa nyuma unaobeba moteri unakunywa maji, unalainika na kubonyea. Buloni haikugeuka hata kidogo, lakini imelegea sababu mbao imepungua chini yake. Dawa si kukaza tu: inaombwa kuweka bamba la chuma ao rondeli pana pande mbili, kuziba matundu maji yasiingie, na kubadilisha ubao uliooza.

Sababu ya tatu ni mikono iliyopita. Moteri ya okazio imefunguliwa na mafundi wengi. Mmoja alirudisha ekru ya plastiki iliyokwisha kutumika, ambayo haishiki tena. Mwingine alikaza kwa nguvu zote mpaka akaharibu meno ndani ya aluminiamu. Buloni ya namna hiyo inazunguka tu, haishiki kitu.

Kabla ya kutoa pesa

Zima moteri, kisha ishike kwa mikono miwili na kuitikisa juu-chini na kulia-kushoto. Ikicheza, tafuta mahali inapocheza. Angalia kama kuna unga wa kutu kuzunguka kichwa cha buloni, ao rangi iliyokwaruzwa: ni alama kwamba vipande vinasuguana. Angalia pia kama aluminiamu ina ufa karibu na tundu. Ufa haurekebishwi kwa kukaza.

Usitosheke na vibano viwili vya mkono vinavyobana ubao. Hivyo vinasaidia, lakini moteri yenye nguvu inapaswa kufungwa pia na buloni zinazotoboa ubao na kutokea upande wa pili.

Namna ya kufunga vizuri

Toa buloni moja moja, safisha meno kwa brosi ya chuma, pangusa mafuta yote mpaka ikauke. Kwa buloni zinazoingia ndani ya moteri yenyewe, weka tone la dawa ya kushikisha meno, ile mafundi wanayoita frenfile. Chagua ya bluu, inayofunguka kwa kle ya kawaida. Ile nyekundu inaomba moto ili ifunguke, na fundi wa kesho atakulaumu.

Kaza kwa mzunguko wa msalaba: ya juu kulia, kisha ya chini kushoto, na hivyo hivyo, kwa awamu mbili ao tatu. Kle inayopima nguvu ndiyo bora, na kipimo kinapatikana ndani ya kitabu cha mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi ni kosa kama kutokaza.

Mwishoni, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha buloni mpaka kwenye mwili wa moteri. Mstari ukikatika, buloni imegeuka. Kazi hiyo inaomba kichupa cha rangi ya kucha tu, na hata mtoto wa bandarini anaweza kuchunguza kila asubuhi.

Pikipiki ya maji nayo

Kwa jeti-ski ya okazio, moteri imefichwa tumboni, juu ya silembloki za mpira. Buloni zake zikilegea, moteri inahama, mhimili unaozungusha pampu unakaa upande, na mpira wa kuunganisha unakwisha haraka. Toa kiti, tenganisha betri, sukuma moteri kwa mkono. Ukikuta vibati vyembamba chini ya silembloki, virudishe pale pale vilipokuwa: ndivyo vinavyoweka mhimili kwenye mstari.

Kisha safari za kwanza

Kazi haiishi siku ya kufunga. Pima tena kisha saa 10 za kwanza za mwendo, halafu kila mara unapofanya matengenezo ya kawaida. Na kabla ya safari ya kwanza, funga mnyororo ao kamba nene ya chuma kati ya moteri na mtumbwi. Haizuii buloni kulegea. Lakini siku italegea, moteri itaning'inia nyuma ya mtumbwi badala ya kushuka chini ya ziwa.